Sauti Kutoka Kisiwani: Vijana wa Kujitolea na Redio ya Mfangano

Kila mwaka inapofika jioni ya tarehe 29 Shaabani, nyumba nyingi za Waislamu hapa kwetu, kuanzia Khunyangu hadi Busia na Malaba, hufanya jambo moja: redio huwekwa katikati ya sebule na watoto huambiwa wanyamaze. Tunangoja kusikia kama mwezi umeandama. Wengine hutega stesheni za Nairobi na Mombasa, wengine hunasa za upande wa Uganda, manake mawimbi hayana habari na mpaka wala pasipoti. Siku hizi simu imechukua sehemu ya kazi hiyo, lakini wazee bado hawaamini mpaka redio iseme.

Sasa, umewahi kujiuliza ni nani anayekaa nyuma ya ile sauti? Kwenye stesheni kubwa jibu ni rahisi, ni mtu aliyeajiriwa na ana mshahara. Lakini zipo redio nyingine ndogo ambazo mtangazaji wake hana mshahara. Amekuja kwa miguu, pengine hajala, na akitoka hapo anaenda shambani au ziwani kutafuta riziki. Nataka tuzungumzie hao, hasa vijana wa kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Viktoria. Kabla ya kufika kwao, inabidi tupitie Homa Bay, kwa sababu hadithi ya redio za namna hii katika nchi yetu ilianzia huko.

Mwezi wa Mei 1982, shirika la UNESCO likishirikiana na serikali ya Kenya lilifungua kituo kidogo cha redio katika mji wa Homa Bay, kando ya ziwa. Wanahistoria wa habari hukihesabu kuwa redio ya kwanza ya kijamii katika Afrika. Mitambo yake ilikuwa ya bei ya chini kabisa, vifaa vyote havikufika dola 25,000 za Marekani, na wazo lilikuwa kwamba watu wa kawaida wafundishwe kuiendesha na kusema kwa lugha yao, Kijaluo, kuhusu mambo yao: kilimo, afya, watoto, samaki. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo. Redio ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, mali ya serikali, na yaliyosemwa humo yalipimwa kwanza.

Miezi mitatu tu baadaye, Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Mahali pa kwanza kukimbilia palikuwa wapi? Redio! Walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi, na marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule wa "Je, Huu ni Ungwana?", alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo askari watiifu wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed walikikomboa kituo, na Mbotela akatangaza tena, safari hii kwamba serikali ya Rais Moi ingali madarakani. Mbotela aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki Februari 2025, na karibu kila aliyemhoji alimuuliza habari ya asubuhi ile.

Baada ya tukio kama hilo, serikali yoyote ingeiangalia redio kwa jicho jingine. Mwaka 1984 kituo cha Homa Bay kilifungwa. Kilikuwa kimeishi miaka miwili tu. Kwa maoni yangu, kosa la kituo kile halikuwa kitu chochote kilichotangazwa pale. Ni kwamba watu wa kawaida walikuwa wameshika maikrofoni, na wakubwa wa zama zile hawakulala vizuri wakijua hivyo.

Ikapita miaka mingi. Sauti ya Kenya ikageuka KBC mwaka 1989. FM za watu binafsi zikaanza mwaka 1996 jijini Nairobi, na kuanzia mwaka 2000 zikafuata za lugha za mama, nyingi zikiwa za biashara. Wanawake wa Mang'elete kule Ukambani, waliojikusanya katika vikundi zaidi ya 30, walipigania leseni ya redio yao kwa miaka kadhaa kabla ya kusikika hewani. Sheria yenyewe ilichelewa. Ni marekebisho ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2008, yaliyoanza kutumika Januari 2009, ndiyo yaliyoitambua wazi redio ya kijamii kama aina ya tatu, kando ya ile ya umma na ile ya biashara.

Sasa twende kisiwani. Ukitoka huku kwetu unashuka mpaka Luanda Kotieno, unapanda feri mpaka Mbita, halafu unaingia kwenye mashua ya injini. Mfangano ni mlima uliosimama ndani ya maji, na kwa miaka mingi watu walizunguka kisiwa kwa miguu au kwa mashua. Wakaazi wake zaidi ya 20,000 wanategemea uvuvi: mbuta, ngege, na zaidi ya yote omena. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa kuwasha taa juu ya maji ili samaki wavutiwe na mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, kazi hulala. Kwa hiyo huko nako watu wanaangalia mwezi, ila wao wanaomba usionekane!

Wenyeji wa Mfangano ni Wasuba. Simulizi za wazee wao zinasema walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, jamaa ya lugha zetu, na mtu wa Marachi au Samia akitega sikio vizuri hatakosa kuokota maneno. Lakini kwa vizazi kadhaa Wasuba wamekuwa wakihamia Kijaluo. Ndoa, biashara ya samaki, shule na kanisa, vyote vilikwenda kwa Kijaluo. Mzazi akaona hakuna faida ya kumfundisha mtoto lugha isiyouza kitu sokoni. Hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo, ilikwenda polepole, nyumba kwa nyumba, mpaka wataalamu wakaiweka Olusuba katika orodha ya lugha zilizo hatarini.

Msiba wa pili ulikuwa ukimwi. Eneo la Suba na Homa Bay kwa jumla lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoumizwa zaidi nchini. Wavuvi wanahama ufuo hadi ufuo, wanawake wanaonunua samaki wanabanwa na wenye mashua, na hospitali iko ng'ambo ya maji. Hapo ndipo shirika dogo liitwalo Organic Health Response, kwa kushirikiana na wenyeji, likajenga kituo kilichopewa jina la Kisuba: Ekialo Kiona, yaani dunia nzima. Kituo kikawekewa umeme wa jua na upepo, kompyuta na intaneti. Sharti lilikuwa moja, na wallahi lilikuwa la akili. Ukitaka kutumia intaneti bure, unapimwa virusi vya ukimwi kila baada ya miezi sita. Haijalishi majibu yako ni yapi, mlango uko wazi. Kijana aliyeona aibu kwenda kupimwa akawa na sababu ya kuja: "Nimekuja kwa kompyuta tu."

Ndani ya kituo hicho, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikazaliwa redio: EK FM, redio ya vijana wa Suba. Waliokuwa hewani walikuwa vijana wa kisiwani wenyewe, wakijitolea. Wakatangaza kwa Olusuba na kwa Kijaluo. Hebu fikiria kidogo. Bibi ambaye kwa miaka mingi alisikia lugha yake jikoni tu, leo anaisikia ikitoka kwenye redio. Na kijana anayetangaza, ambaye pengine lugha yenyewe anaijua nusu nusu, analazimika kwenda kumuuliza huyo bibi: neno hili mlikuwa mkilisemaje zamani? Mimi naona hapa ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Kamusi inaweza kuandikwa na mtaalamu kutoka mbali, lakini haiwezi kumfanya kijana wa miaka 20 aone fahari kusema lugha ya nyanyake mbele ya wenzake.

Wengi hudhani kuendesha redio ndogo ni kuongea tu na kupiga muziki. Si hivyo. Mtambo wa FM husafiri kwa mstari, hauruki mlima. Ukiuweka mahali pabaya, upande mmoja wa kisiwa unasikia na upande wa pili kimya, wakati wavuvi walio mbali ndani ya maji, ambako hakuna kizuizi, wananasa vizuri. Umeme wa sola nao una masharti yake. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, betri hulegea, na mtu lazima aamue: tuzime mchana ili jioni tuwe hewani, au vipi? Betri ikichakaa, mpya hailetwi na boda boda, inavuka maji. (Kwa taarifa yako, hilo neno boda boda ni zawadi yetu sisi watu wa mpakani. Lilianzia kwa baiskeli zilizobeba abiria kati ya ofisi za mpaka za hapa Busia na Malaba, na sasa liko Afrika Mashariki yote.)

Halafu kuna watu. Kwenye redio za kijamii karibu zote, mtu wa kujitolea hupata nauli au chai, basi. Asubuhi atasoma matangazo ya vifo na ya mifugo iliyopotea, mchana atamwita muuguzi aeleze habari za dawa, jioni atafagia studio mwenyewe. Akifanya hivyo miaka miwili, anakuwa mtangazaji hodari. Na akishakuwa hodari, stesheni ya biashara ya mjini inamwona na kumpa mshahara. Anaondoka. Je, tumlaumu? Mimi simlaumu, ana wazazi na wadogo zake wanaomtegemea. Lakini redio inabaki kuanza upya na mtoto mwingine aliyetoka shule juzi. Sheria nayo inaibana: redio ya kijamii haijaundwa kwa ajili ya faida, matangazo yake yanapaswa kuihusu jamii ile ile inayoisikiliza, na pesa inayopatikana hurudi kwa jamii. Ni sawa kabisa, lakini duka la ufuoni litalipa shilingi ngapi? Wafadhili hupenda kununua mtambo kwa sababu unapigwa picha. Kulipa nauli ya mtangazaji mwezi baada ya mwezi hakupigwi picha.

Hali hii si ya Mfangano peke yake. Kule Pemba, Redio Jamii Micheweni, ambayo UNESCO iliisaidia, nayo imetegemea vijana wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, katika eneo ambalo wananchi wengi ni wavuvi na wakulima. Ukizungumza na mtu yeyote wa redio za namna hii, swali la betri na nauli litakuja kabla ya chai kupoa.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kufichwa. Redio ya lugha ya mama inaweza pia kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya stesheni za lugha za wenyeji zililaumiwa kwa kuchochea watu, na mtangazaji mmoja wa Kenya, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Kesi yake ilisitishwa Aprili 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Wengi walichukua tukio hilo kama sababu ya kuziogopa redio ndogo zote. Lakini tofauti ipo. Mtu anayetangaza kisiwani anajulikana kwa jina, kwa baba yake na kwa mlango wake. Akisema uongo asubuhi, jioni atakutana na aliyemsingizia kisimani. Hiyo ni kamati ya nidhamu kali kuliko ya Nairobi.

Na hapa kwetu je? Hatuna haja ya kuvuka maji ili kuona mfano. Katika kaunti yetu hii hii ya Busia, kule Budalangi, kuna Bulala FM, redio ya jamii iliyoanzishwa kwa msaada wa Idara ya Hali ya Anga ya Kenya chini ya mpango uitwao RANET. Wenyeji wa Budalangi wanaujua mto Nzoia kwa machozi. Ulivunja kingo zake mwaka 2003, tena 2007, tena 2008, tena 2011, na watu wakahamia kwenye kingo zenyewe na kwenye shule wakiwa na magunia na kuku. Maji hayo hayaanzi Budalangi. Mvua inanyesha kwenye milima ya Cherangani na Elgon, kisha yanachukua siku kadhaa kuteremka. Kwa hiyo siku hizo kadhaa ndizo zenye thamani. Idara inaweza kuwa na vipimo vyote vya mto, lakini karatasi yenye maneno ya kitaalamu haimsaidii mama aliye Bunyala. Anayemsaidia ni mtu aliye studioni anayejua kusema kwa lugha ya nyumbani: maji yanakuja, toeni mbuzi, toeni wazee, msingoje usiku.