Kipimo cha Mikoko ya Lamu

Atazamaye mikoko ya Lamu kutoka baharini huona kijani kisichokatika, akadhani msitu ungali mzima. Hapana shaka macho humhadaa. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia miti hapa kuipeleka Arabuni na Ghuba, ambako urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Miti hiyo iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, ikapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mkataji hakufyeka msitu. Alichagua mti ulionyoka wenye unene utakiwao, akauacha uliopinda. Kwa hiyo idadi ya miti yaweza kubaki kubwa, hali ubora wake umepungua. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, lakini wajenzi wa pwani yenyewe waliendelea kuzihitaji. Basi apimaye uharibifu asihesabu miti na eneo tu. Na amwulize mkataji: siku hizi huenda umbali gani hata apate korja moja ya boriti zilizonyoka? Jawabu hilo nalo ni kipimo, tena latueleza lisiloonekana katika picha za angani.