Sumu ya Samaki na Mtetemeko wa Wazee

Katika Ziwa Chala, mpakani mwa Taveta na Tanzania, huishi aina ya perege ambaye asili yake ni ziwa hilo peke yake. Samaki huyo, kama mwanadamu, huvuta oksijeni ili apate nguvu. Lakini kuivuta si kuitumia. Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, wavuvi walitwanga majani ya mmea uitwao utupa wakayatia majini, na samaki wakaelea wamelegea, ijapokuwa oksijeni ilikuwamo.

Wataalamu walipochungua, walikuta ndani ya utupa sumu iitwayo rotenoni. Sumu hiyo huzuia kazi ya mitokondria, yaani vijumba vidogo mno vilivyomo ndani ya seli, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni kikawa nguvu. Jina hilo lilitungwa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898.

Ubongo ni mlaji mkubwa wa nguvu hiyo: uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, lakini hutumia kama sehemu 20. Basi mitokondria zikidhoofika kwa umri, ubongo huona njaa upesi.

Mwaka 1817 tabibu James Parkinson wa London alieleza ugonjwa wa kutetemeka mikono na kwenda kwa shida. Sababu yake haikujulikana. Mwaka 1989 wataalamu wa mji huohuo walionyesha kwamba katika sehemu ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, mitokondria za wagonjwa zina upungufu mahali palepale panapopigwa na rotenoni. Mwaka 2000, huko Marekani, panya waliotiwa rotenoni kidogo kidogo walipatwa na dalili za ugonjwa huo. Hata hivyo si kila mgonjwa amepatwa na sumu. Umri na urithi pia vimo.

Habari hizi zatuhusu. Wilayani Hai, upande wa pili wa Kilimanjaro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulipata wagonjwa 33 katika watu zaidi ya 161,000, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajapata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Dawa ya kuziponya mitokondria haijapatikana. Lakini levodopa, ambayo hulegeza viungo vilivyokakamaa, imetumika tangu miaka ya 1960. Mgonjwa asiyetambuliwa haipati. Kwa hiyo mzee akianza kutetemeka mkono na kupungukiwa na wepesi wa mwendo, apelekwe kwa tabibu, wala asiachwe nyumbani kwa kusemwa kwamba ni uzee tu.