Matata: bendi isiyo na mwenyewe



Hapa Maskati tukikutana sisi tuliotoka Unguja na bara, mazungumzo ya muziki hayatoki kwenye taarabu. Siti binti Saad, Culture Musical Club, basi. Ni haki yao. Lakini leo nawaombea nafasi wengine ambao hakuna anaewadai: bendi ya Matata.

Hawa walikuwa vijana wa Nairobi, akina Steele Beauttah na Anwar Richard. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihamia London, wakarekodi na President Records, kampuni ileile iliyotoa santuri za The Equals, bendi ya Eddy Grant. Albamu yao Independence ilitoka 1974. Sikilizeni "Wanna Do My Thing": ni soul na fanki khasa, shule ya James Brown, lakini jina lililopigwa chapa juu ya santuri ni neno letu, wala halikutafsiriwa.

Sasa tazameni tarehe. Januari 1969 vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana Dar es Salaam, kupiga vita vimini, wigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul. Eti ni ugeni utakaotupotezea utamaduni. Haikupita miaka mingi, ugeni huohuo ukatua Uingereza umevaa jina la Kiswahili! Nani basi alimmeza mwenziwe?

Mtu atasema: wameimba Kizungu, wao ni wa Waingereza. Haya, Waingereza wenyewe waliwapokea vipi weusi wao? Cymande, wenye asili ya Karibiani, walianza London 1971 na nyumbani hawakutazamwa. Marekani ndiyo iliyowasikia. Miaka baadae De La Soul na Fugees wakachota katika nyimbo zao, ndipo London ikawakumbuka.

Matata hawajapata hata hayo. Leo santuri zao zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, na sisi tunaoandika historia ya Kiswahili tumenyamaza.

Sisi tuliorejea Oman baada ya 1970 tunaijua hali hii: kule tuliitwa Waarabu, huku tukaitwa Wazanzibari. Tukikubali kwamba alieondoka si wa nyumbani tena, basi tunajifuta wenyewe. Mimi naanza kwa kuwadai Matata. Ni wetu.