Sandarusi si Gundi

Mpwa wangu aliyehamia Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu amenitumia karatasi ya Kiswahili inayoeleza viungo vya fataki ambazo watu wa huko hujitengenezea kwa kujifurahisha. Chini yake aliandika: "Mjomba, gundi inawakaje?" Swali hilo limenikosesha usingizi. Kijana huyo wa mji wa Baraka, wilayani Fizi, ameona kosa ambalo kamati nzima ya wafasiri wa karatasi hiyo imelipitisha.

Gundi tumeipata kwa Wahindi, ambao huiita gond. Ni ute wa mgunga na miti ya aina yake. Ukiutia majini hulainika ukayeyuka. Kinachoitwa gundi katika karatasi ile ni kitu kingine: utomvu uwakao. Hapa mwaloni nimemwona fundi wa mitumbwi akiwa na kopo la utomvu mkavu wa mti ambao Waganda huuita muwafu, njano kama kiberiti, wenye harufu kali ya tapentaini. Nilidondosha kipande ndani ya kikombe cha maji, nikakiacha mpaka asubuhi. Kilikuwa vilevile, na kingo zake hazijachakaa. Nilipokisogezea njiti ya kibiriti kiliwaka kwa moshi mweusi. Gundi haifanyi hivyo.

Neno tunalo: sandarusi. Pwani walilitumia kwa utomvu wa msandarusi, uliochimbwa ardhini bara, mkabala na Unguja, na katika karne ya 19 ukapelekwa kwa majahazi na merikebu hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Waarabu husema sandarus. Wagiriki walisema sandarake, na kwao hapo mwanzo halikuwa jina la utomvu wowote bali la madini mekundu yenye aseniki. Baadaye likahama, likawa jina la utomvu wa mti wa Afrika Kaskazini, kisha likavuka bahari likawa letu. Neno lililotoka kwenye jiwe likaingia kwenye mti, tena likaacha mti mmoja likashika mwingine, linashindwaje kubeba jamii nzima ya utomvu uwakao? Wanaodai kwamba maana yake ni finyu mno hawajafuata safari yake.

Mapendekezo mengine nayajua. "Utomvu mkavu" ni maelezo, na mtu hawezi kuyarudia mara ishirini katika ukurasa mmoja. "Resini" haimwambii msomaji wa Fizi chochote. Kuna mwenzetu anayeshikilia "kopali" kwa sababu Wabelgiji waliikusanya kwa wingi katika vinamasi vya jimbo la Équateur. Lakini kopali ni neno la Kinahuatl, lugha ya Meksiko, na sioni kwa nini tulipite neno lililo mlangoni petu tukaazime la ng'ambo ya bahari mbili. Hata aina inayotengenezwa na mdudu wa India, ambayo jina lake lilitufikia kupitia kwa Wareno likawa lakiri ya kufungia barua, naiita sandarusi ya mdudu. Aina nyekundu ya Australia ni sandarusi ya Australia. Nyeupe inayofukizwa makanisani ibaki ubani. Jina lake halina mgogoro, na obubaane ya Waganda ni ndugu yake.

Matumizi yenyewe: katika fataki sandarusi iliyosagwa huwaka na papo hapo hushikamanisha vidonge vya rangi, ilhali gundi hushikamanisha tu. Atakayetumia gundi badala ya sandarusi kwa kuamini tafsiri anacheza na moto, na mimi siwezi kukaa kimya mbele ya neno linaloweza kuunguza vidole vya mtu. Huku kwetu, ambako mlio wa ghafla usiku huwatoa watu vitandani wakadhani ni bunduki, hakuna atakayelichukulia jambo hili kuwa ni la wanasarufi peke yao.

Kamati niliiandikia kurasa mbili. Sijajibiwa. Mpwa wangu amenitumia picha ya karatasi yake: neno gundi amelikata kwa wino mwekundu mara kumi na moja, na juu ya kila mkato ameandika sandarusi.