Kibali cha kumwaga majitaka ya viwandani (Marekani)

Kibali cha kumwaga majitaka ni ruhusa ya kisheria ambayo kiwanda nchini Marekani hakina budi kuwa nayo kabla ya kutiririsha majitaka moja kwa moja mtoni, ziwani au baharini. Kiliwekwa na Sheria ya Maji Safi ya 1972, miaka 3 baada ya mto Cuyahoga, uliojaa mafuta na taka za viwanda, kushika moto mjini Cleveland. Kibali hutaja kiwango cha juu cha kila kichafuzi. Kiwanda hupima maji yake chenyewe na kutoa taarifa. Hapo ndipo penye udhaifu, kwani mpimaji ndiye mkaguliwa. Marekebisho ya 1987 yaliingiza pia maji ya mvua yanayosomba mafuta na kemikali kutoka viwanja vya kiwanda. Muda wa kibali hauzidi miaka 5.