Kamoja ka Mwisho wa Mwezi

Chupa kubwa ya bia ya Simba huchukua karibu robo tatu ya lita, lakini Mkatanga akimwalika mwenzake humwambia waende wakanywe "kamoja". Kiswahili cha Katanga, kusini mwa Kongo, hakijatupa kiambishi cha udogo ka-, na pengine hakuna mahali kinapotumikishwa kama baa, ambako chupa, deni na safari ya kurudi nyumbani gizani vyote hupunguzwa kwa silabi moja. Wazee waliofanya kazi enzi za kampuni za migodi za Union Minière na Gécamines wakianza kusimulia ujana wao, hawachelewi kufika kwenye hako kamoja. Ajabu ni kwamba hawaisimulii baa kwa jina lake wala bia kwa ladha yake. Husimulia kwa tarehe: ilikuwa siku ya mshahara, au ilikuwa siku tano kabla yake.

Lubudi ni pahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mji huo ni mtoto wa reli na mawe ya chokaa. Reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa, mwaka 1910 iliendelea kusukumwa kaskazini hadi Bukama mwaka 1918, ikipita Lubudi. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha saruji cha Cimenkat kikawa ndiyo sababu ya watu kushuka pale badala ya kupita tu. Kaskazini kulikuwa na makaa ya mawe ya Luena, kusini-magharibi shaba ya Kolwezi. Mtu aliyezaliwa katika pembetatu hiyo alijifunza mapema kwamba siku hugawanywa na king'ora.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilikusanya vijana kutoka mbali, ikawatumia kwa mikataba mifupi, kisha ikawarudisha kwao, wale waliosalimika. Kuanzia mwaka 1928 ikageuza sera: mfanyakazi aje na mke, akae, azae watoto watakaokuja kuwa wafanyakazi. Ndipo kambi zikapata shule, hospitali, nyumba za kufundishia wanawake kushona, na posho ya unga, mafuta na samaki iliyopimwa kwa kuhesabu vichwa vya familia. Kampuni ikawa baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika historia ya familia hizo, kitabu kilichotoka mwaka 2001, kichwa chake cha Kifaransa kiliwaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na kila msomaji wa Lubumbashi alijua ni baba gani anayesemwa. Baba huyo alikuwa mkali pia. Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma Elisabethville kudai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari uwanjani.

Posho ilikuwa ya nyumba. Pesa taslimu ndiyo iliyokuwa ya mwanamume, na ndiyo iliyokwenda baa.

Kiwanda cha bia kilikuwa kimeshaanzishwa Elisabethville mwaka 1923, na kutoka humo zikatoka Simba na baadaye Tembo, ile ya rangi ya kahawia. Sheria ya kikoloni ilimruhusu Mwafrika bia. Divai na vinywaji vikali vilibaki vya Wazungu hadi miaka ya 1950, na kupika pombe kali nyumbani kulikuwa kosa la kupelekwa kituoni. Kwa hiyo chupa ya kiwandani ilikuwa zaidi ya kinywaji: ilikuwa hati ya kuonyesha kwamba mnywaji ana kazi inayojulikana. Ndani ya kambi palikuwa na "cercle", ukumbi wa kampuni wenye sinema na kaunta, ambako kijana alikunywa huku kapita wake, yaani msimamizi wake wa kazi, akiwa meza ya pili. Si ajabu wengi walipendelea kuvuka hadi cité, mtaa wa Waafrika, nje ya jicho la kambi.

Mwezi nao ulikuwa na ngazi zake. Wiki ya mshahara ilikuwa ya Simba. Mfuko ukilegea, watu walirudi kwa munkoyo, na tarehe zikiwa mbaya kabisa kulikuwa na lutuku, ile ya pipa lililowekwa juu ya moto na bomba lililopitishwa kwenye maji, iuzwayo kwa kikombe kidogo na kunywewa kwa haraka.

Munkoyo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa wanahistoria wa migodi huipita haraka mno. Mama hupika uji mzito wa mahindi na kuuacha upoe hadi kidole kivumilie. Kisha hutumbukiza mizizi ya mmea wa munkoyo iliyopondwa ikawa nyuzinyuzi, anakoroga, na uji uliokuwa ukishika mwiko huanza kulegea mbele ya macho yake hadi unamiminika kama maji. Ukinywewa kesho yake ni mtamu, hata mtoto hupewa. Ukikaa siku mbili tatu unachachuka na kupanda kichwani. Mahindi ya posho yaligeuka kuwa mtaji kwa njia hiyo: unga uliotolewa na kampuni ili mume apate nguvu za kazi ulirudi kwake kwa kikombe, naye akaulipia. Mama akapata pesa ambazo hazikuandikwa kwenye daftari la kampuni.

Muziki wa baa hizo una kwao. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya zamani ya mfalme Msiri, ambayo leo imo katika eneo la utawala la Lubudi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya sasa, na akamrekodi akipiga "Masanga". Gita moja, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikikimbiza sauti ya juu, na msikilizaji anaapa kuna wapigaji wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, na wapigaji wa Kenya walikaa wakiiga vidole vyake kwa miaka. Vijana wa kazi walimpenda kwa sababu nyepesi: gita kavu halihitaji umeme wala bendi, linaingia popote penye viti vinne.

Haikuwa kila jioni ya Katanga iliyoishia baa. Ruwe, karibu na Kolwezi, padri Placide Tempels alianza miaka ya 1950 kukusanya mume na mke pamoja katika vuguvugu lililoitwa Jamaa, na mafundisho yake yalikwenda kwa Kiswahili hadi usiku. Yawezekana mtaa mmoja ulikuwa na nyumba mbili zenye taa usiku wa manane, moja ikiwa na mafundisho na nyingine ikiwa na gita.

Kilele cha kumbukumbu nyingi ni kati ya 1967 na 1974. Union Minière ilitaifishwa, baadaye ikaitwa Gécamines. Zaire moja, sarafu mpya ya 1967, ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Bei ya shaba ilipanda hadi Aprili 1974. Wachoraji kama Tshibumba Kanda-Matulu waliuza picha kwa watu wa mishahara ya kawaida, na mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, alining'inia ukutani akitazama meza. Juu ya meza chupa tupu hazikuondolewa. Zilipangwa mstari, kwa sababu ndizo hesabu na ndizo sifa: anayepita nje aone ni nani ameketi hapo na tangu saa ngapi.

Bei ya shaba ikaanguka kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, iliyopeleka shaba baharini. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi yenyewe. Hata hivyo mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka huohuo watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa kwa siasa za ukabila, wakalala vituoni kwa wiki nyingi wakingoja treni. Reli ya kwenda Kasai hupita Lubudi. Waliokuwa wakilipiana kamoja miaka ishirini walipitishwa hapo na mabehewa yaliyojaa. Hadithi za bia kwa kawaida huruka mwaka huo.

Gécamines iliendelea bila kulipa mishahara kwa miezi na miezi, hadi mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 walipoachishwa katika mpango ulioitwa wa hiari na kugharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Neno hiari lingali linawachekesha kwa uchungu.

Leo vijana wa Kolwezi huchimba kobalti kwa sururu na kupeleka magunia kwenye depo za Musompo. Gunia likipimwa, pesa hutoka siku hiyohiyo, kwa hiyo baa za mji hazingojei tena mwisho wa mwezi. Mstaafu mwenye kikombe chake cha munkoyo humwona kijana wa meza ya jirani akifunguliwa chupa ya nne siku ya Jumanne mchana, naye huinama kidogo kumuuliza leo ni tarehe ngapi.