Kalenda ya Majilio: Ngano za Krismasi zinavyofunza lugha ya tarakilishi

KATIKA ulimwengu wa wataalamu wa tarakilishi, mwezi wa Desemba una desturi yake. Kuanzia tarehe mosi hadi Krismasi, waandishi wa kujitolea huchapisha makala moja kila siku, na kila makala hufafanua sifa moja ya lugha ya kuandikia programu. Mengi huvishwa vazi la ngano: Santa Claus amepoteza orodha ya watoto, au wasaidizi wake wadogo wameshindwa kuhesabu zawadi, na suluhisho hupatikana kwa mistari michache ya msimbo.

Makala haya yanaeleza asili ya desturi hiyo, namna inavyofunza na mahali inapopwaya. Mfano wetu mkuu ni lugha ya Raku, ambayo historia yake yenyewe ni hadithi ya kuingojea Krismasi.

ASILI YAKE

Majilio ni kipindi cha Jumapili nne zinazotangulia Krismasi katika kalenda ya Kanisa. Katika karne ya 19, Waprotestanti wa Ujerumani walianza kuwahesabia watoto siku hizo nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mchapishaji Gerhard Lang wa mjini Munich alizieneza kalenda za karatasi. Baadaye kalenda hizo zikawekewa vijilango: mtoto hufungua kimoja kila siku na kukuta picha au peremende.

Mnamo Desemba 2000, Mark Fowler aliihamishia desturi hiyo kwenye wavuti kwa kuanzisha kalenda ya lugha ya Perl. Nyuma ya kila kijilango, msomaji alikuta maarifa badala ya peremende. Perl iliundwa na Larry Wall, Mmarekani aliyesomea isimu, na ilitolewa kwa mara ya kwanza Desemba 18, 1987.

SUBIRA YA MIAKA 15

Mwaka huo wa 2000, Wall na wenzake walitangaza kwamba wangeisanifu upya lugha hiyo kwa jina la Perl 6. Kazi ikawa ndefu kuliko ilivyotarajiwa. Kila walipoulizwa itakamilika lini, jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba itakuwa tayari kufikia Krismasi; ila Krismasi ya mwaka gani, hakuna aliyesema. Utani huo ulikuwa na uchungu wake, kwani lugha isiyotumiwa hufa, iwe ya watu au ya mashine.

Ndipo mwaka wa 2009 wafuasi wake wakaanzisha kalenda yao. Kila Desemba waliuonyesha umma mambo ambayo lugha hiyo iliweza kuyafanya tayari, hata kabla ya kukamilika. Toleo rasmi la kwanza lilitoka Desemba 25, 2015, likapewa herufi “c” kwa heshima ya Krismasi kama iandikwavyo kwa Kiingereza. Toleo lililofuata, la Novemba 2018, lilipewa herufi “d” ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mnamo Oktoba 2019 lugha ikabadilishwa jina na kuitwa Raku, na kalenda ikaendelea kwa jina hilo jipya.

NAMNA INAVYOFUNZA

Tutunge visa vitatu vyetu wenyewe ili msomaji aione mbinu hii.

Kwanza, msaidizi wa Santa anapima sukari ya keki: kilo 0.1, kisha kilo 0.2. Anaiuliza tarakilishi iwapo jumla ni 0.3 kamili. Lugha nyingi zitajibu la, kwa sababu huhifadhi desimali kwa mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1, ambamo sehemu ya kumi haikomi, kama vile theluthi isivyokoma tuiandikapo 0.333. Raku huihifadhi 0.1 kama sehemu, yaani moja juu ya kumi, na hivyo hujibu ndiyo.

Pili, Santa ana orodha mbili: ya watoto walioandika barua, na ya watoto watiifu. Nani apewe zawadi? Raku hutumia alama ∩, ile ile ya somo la seti katika hisabati, na kurejesha majina yaliyo katika orodha zote mbili. Seti hulihesabu jina mara moja tu. Santa akitaka kujua ni nani aliyeandika barua tatu, ipo aina nyingine ya mkusanyiko ambayo jina lake kwa Kiswahili ni “mfuko”, nayo hukumbuka idadi.

Tatu, zawadi zinaongezeka maradufu kila siku. Inatosha kuandika 1, 2, 4 ... * na nyota ya mwisho humaanisha “bila kikomo”. Mashine haikwami, kwani hukokotoa nambari zilizoombwa tu. Ya siku ya 24 ni 8,388,608. Wataalamu huiita tabia hii uvivu, na Wall aliuhesabu uvivu miongoni mwa sifa tatu njema za mwandishi wa programu.

Katika visa vyote, haja hutangulia chombo. Kitabu cha marejeleo humpa mwanafunzi nyundo kisha kumweleza misumari. Ngano humwonyesha kwanza ubao uliolegea. Akumbukapo kisa, hukumbuka pia sababu ya sifa hiyo kuwapo.

Mwaka wa 2015, Eric Wastl aliigeuza mbinu hii kuwa mafumbo ambayo mtu hufumbua kwa lugha aitakayo. Fumbo la kwanza lilimtuma Santa kwenye ghorofa: mabano ya kufungua humpandisha orofa moja, ya kufunga humshusha. Mafumbo yalitolewa kwa siku 25 kila mwaka hadi 2024. Mwaka wa 2025 siku zikapunguzwa hadi 12.

INAPOPWAYA

Mbinu hii ina kasoro zake. Kulungu na theluji humchosha msomaji asiyekulia katika baridi ya Ulaya, na mzaha ukizidi humeza somo. Aidha, makala ya zamani yanatumia jina la Perl 6, na yale ya kabla ya 2015 yaliandikwa lugha ikiwa bado inabadilika. Anayejifunza leo aanze na makala ya karibuni, aunakili msimbo kwa mkono, kisha aubadilishe na kuona matokeo. Ngano humfikisha mlangoni. Ndani ataingia kwa kujaribu mwenyewe.